Maswali na Majibu: Pikipiki Isiyo na Kiti

Baada ya safu iliyopita kuhusu motokrosi ya Garuga, wasomaji kadhaa wameuliza juu ya mchezo mwingine wa pikipiki, ule wa polepole uitwao traialsi. Nimechagua maswali matano.

Swali: Nimeona video ya mtu akipanda majabali kwa pikipiki isiyo na kiti. Wanashindania nini, na kiti kimekwenda wapi? (Msomaji, Arua)

Jibu: Hawashindanii mwendo. Mshindani hupita kipande kifupi cha njia chenye mawe, mizizi au maji, huku mwamuzi akimhesabia makosa: akigusa chini kwa mguu mara moja hupata pointi 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, na akianguka hupata 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa kuwa husimama wima juu ya vikanyagio muda wote, kiti kilikuwa kikimzuia tu kukunja magoti, ndiyo maana waundaji walizidi kukishusha mpaka kikatoweka.

Swali: Ni nani aliyezifanya pikipiki hizo ziwe nyepesi? (Mwalimu, Mbale)

Jibu: Ukinilazimisha nitaje mtu mmoja, nitamtaja Sammy Miller wa Ireland ya Kaskazini. Alikuwa akishinda kwa pikipiki ya Kiingereza, Ariel ya cc 500, yenye injini nzito ya mipigo minne na uzito wa zaidi ya kilo 100 hata baada ya yeye mwenyewe kuikata na kuipunguza kila alipoweza. Mwaka 1964 alikwenda Uhispania kushirikiana na kiwanda cha Bultaco, na huko ikazaliwa Sherpa T ya cc 244, yenye injini ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Mwaka uliofuata alishinda nayo mashindano ya Siku Sita ya Scotland, na viwanda vya Uingereza havikurudia tena enzi yao. Montesa na Ossa, navyo vya Uhispania, vilifuata njia hiyo hiyo, na ubingwa wa dunia ulipoanza mwaka 1975, bingwa wa kwanza, Martin Lampkin, alikuwa juu ya Bultaco. Hata hivyo siungi mkono wanaosema kuwa mipigo minne ilizikwa siku hiyo. Toni Bou, ambaye amekuwa bingwa wa dunia kila mwaka tangu 2007, amepanda Montesa yenye injini ya mipigo minne.

Swali: Mimi ni mwendesha bodaboda. Naambiwa wao hutia upepo kidogo mno kwenye tairi. Nami nipunguze ili nishike tope? (Msomaji, Busia)

Jibu: Usijaribu, ndugu yangu. Ni kweli kwamba tairi lao la nyuma hutiwa upepo wa paundi 4 au 5 hivi, kiasi kwamba ukilibonyeza kwa kidole gumba linaingia ndani, na likikutana na jiwe linalikumbatia badala ya kulidunda. Lakini tairi hilo ni laini, limeundwa kwa kazi hiyo na halina tyubu, tena pikipiki yenyewe ina uzito wa kilo 70 hivi na haibebi mtu wa pili. Wewe ukipunguza upepo hivyo, kisha ukapakia abiria na gunia la mahindi, tairi litateleza juu ya rimu, litavuta tyubu na kung'oa valvu yake, na hapo utaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi.

Swali: Shokamzoba moja au mbili? (Msomaji, Jinja)

Jibu: Moja, tangu Yamaha walipoanza kuuza TY250 ya namna hiyo katika miaka ya 1980. Gurudumu la nyuma hupata nafasi kubwa zaidi ya kupanda na kushuka. Kwa mizigo yetu, mbili zinatosha, na fundi yeyote anazijua.

Swali: Kwa nini siku hizi wanarukaruka mahali pamoja kama panzi? (Mwanafunzi, Kasese)

Jibu: Ufundi huo haukutoka kiwandani bali kwenye baiskeli. Jordi Tarrés wa Uhispania, bingwa wa dunia mara 7 kati ya 1987 na 1995, alianzia mashindano ya baiskeli, akahamishia kwenye pikipiki namna ile ya kurusha gurudumu pembeni na kutua upya kabla ya kupanda. Mtazame vidole mpanda pikipiki wa leo: kimoja tu kiko kwenye klachi na kimoja kwenye breki, vingine vyote vimeshika mpini. Hilo liliwezekana baada ya klachi kuendeshwa kwa oili badala ya waya, na diski kuchukua nafasi ya breki za zamani. Ninyi mnaozitazama pikipiki za umeme zikipita Kampala mtashangaa kusikia kwamba Yamaha walipounda yao ya traialsi, TY-E ya mwaka 2018, waliiwekea klachi, ingawa mota ya umeme haihitaji klachi ili iondoke. Anayeihitaji ni mpandaji: huiachia ghafla ili nguvu yote ifike kwenye gurudumu mara moja, mbele ya jiwe linalomfika kifuani.