Nilikariri maneno 800 na bado nikafeli ufahamu

Mdogo wangu uliyeuliza, nimekusoma. Unasema uko kidato cha tatu, umekariri orodha ya maneno 500 ya Kiingereza na maana zake, lakini kwenye ufahamu bado unaambulia 6 au 7 kati ya 20. Sasa unataka uonyeshwe orodha nyingine iliyo bora, na uambiwe ukariri maneno mangapi kwa siku. Orodha nitakutajia, ila si sasa hivi, maana njia hiyo niliipita na najua inakomea wapi.

Nikiwa kidato cha pili nilikuwa na daftari la msamiati lenye maneno kama 800. Nililionea fahari kwelikweli. "Magnificent" nalijua, "catastrophe" nalijua, "perseverance" hata ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia maana yake. Ukaja mtihani wenye habari ya mwanamke aliyetembea usiku kucha akimbeba mwanawe mgonjwa kumpeleka kwa daktari. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "She could hardly stand when she reached the door." Mimi "hard" naijua: ngumu, kwa nguvu, kwa bidii. Nikaelewa kwamba mama alifika mlangoni akiwa amesimama imara. Swali: mama alikuwa katika hali gani alipofika? Nikajibu bila wasiwasi kwamba alikuwa na nguvu. Swali lililofuata: kwa nini daktari alimpa mama kiti kabla hata ya kumtazama mtoto? Hapo nikabuni. Nikaandika kwamba wakubwa huheshimiwa kwanza. Maswali matatu yalikwenda na maji kwa ajili ya neno moja la silabi mbili. Mwalimu hakuandika maelezo yoyote, alizungushia tu "hardly" kwa kalamu nyekundu, akaendelea na karatasi ya mwingine.

Niliporudi kwenye daftari langu, "hardly" halikuwemo. Hayakuwemo pia "unless", "yet", "few", "although", "instead", "rather" wala "until". Nilikuwa nimeyaona ni maneno ya watoto, nikakimbilia marefu yenye mlio mzuri. Kumbe marefu hayakuwa yakinidhuru sana. Usipolijua "catastrophe" unajua kwamba hulijui, unasimama, unatazama sentensi za jirani, na mara nyingi unapata hata nusu ya maana. "Hardly" unalipita mbio ukidhani mnajuana, na linaipindua sentensi nzima nyuma ya mgongo wako.

Chukua "few". "He had few friends" ni mtu mpweke. "He had a few friends" ni mtu mwenye marafiki wake kadhaa, hana shida. Tofauti yote ni herufi moja, "a". Au "unless": "You may not go in unless you are called" maana yake usiingie usipoitwa. Nimeona wanafunzi wakiisoma kama "if", wakapata usiingie ukiitwa, kisha wakashangaa mbona mhusika kaitwa na kaingia. Na "yet" ndilo kinyonga kabisa. Katika "he has not come yet" ni "bado", katika "he was tired, yet he went on" ni "hata hivyo". Kwa hiyo daftari la kwanza ninalokushauri liwe la maneno unayodhani unayajua. Langu lilifika maneno 60 hivi, na yalinifaa kuliko yale 800.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kuambiwa darasani, nililigundua mwenyewe nikiwa nawafundisha wadogo zangu. Kiswahili chetu kinatudekeza. Ukisema "kilianguka", kile "ki-" cha mwanzo kinakuambia ni kikombe au kitabu kilichoanguka, si meza wala mti. Kiingereza kikombe ni "it", meza ni "it", mti ni "it", na wakati mwingine wazo zima la aya iliyopita ni "it". Msomaji ni lazima awinde mwenyewe nini kinasemwa. Upande wa pili, sisi "alikuja" inatosha kwa mwanamume na mwanamke, hivyo jicho letu huteleza juu ya "he" na "she" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye habari ya kaka na dada wanaobishana, hayo mawili ndiyo yanayokuambia nani kasema nini.

Nikuonyeshe kwa kipande nilichotunga mwenyewe. Kisome kwanza kabla ya kuendelea:

"The old ferryman hardly spoke to the boys, although he had known their father well. Few people crossed after sunset, and those who did paid him double. When the younger boy offered him the coin, he pushed it back into his hand."

Hakuna neno gumu hapo, labda "ferryman", na hata hilo ukiona "crossed" unahisi ni mvushaji. Sasa nijibu: je, mzee alikuwa mchangamfu kwa wavulana? Je, abiria wa usiku walikuwa wengi? "Those who did" walifanya nini? Na mwishoni sarafu iko mkononi mwa nani?

Mdogo wangu mmoja alitafsiri "those who did" kama "wale waliofanya", akakwama. Hiyo "did" imebeba neno zima la nyuma, "crossed": wale waliovuka baada ya jua kuzama. Sentensi ya mwisho ina "him", "he", "it" na "his". Weka kalamu, chora mshale kutoka kila moja hadi mwenyewe. "Him" na "he" ni mzee, "it" ni sarafu, "his" ni yule mdogo. Kwa hiyo mzee alikataa hela. Ukishaona hivyo, rudi kwenye "although he had known their father well": alimjua baba yao, haongei nao, lakini hela yao haitaki, ilhali usiku huo watu hulipa maradufu. Swali la "kwa nini unadhani alikataa" sasa lina pa kuanzia. Bila mishale ungeandika kwamba mtoto alirudishiwa chenji.

Zoezi la mishale nililifanya kila siku kwa aya moja tu, dakika kumi. Usifanye habari nzima, utachoka na kuacha.

Sasa kusoma kwenyewe. Kosa langu la pili lilikuwa kusoma vitu vilivyonizidi kimo, nikidhani ugumu ndio mazoezi. Nilikuwa nafungua kamusi kila mstari, nikifika mwisho wa ukurasa nimesahau mwanzo. Baadaye nikakutana na utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, na mambo yakaeleweka: ili msomaji aelewe vizuri hadithi bila kusaidiwa, anahitaji kuyajua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Piga hesabu: ni neno geni moja katika kila maneno 50. Ukurasa wa maneno 300 uwe na mageni sita hivi. Yakifika 15, yaani moja katika kila 20, bado unafuata kwa mbali lakini unaanza kubahatisha. Hivyo ukichagua kitabu, fungua ukurasa wa katikati, hesabu. Ukipata mageni 20, kirudishe, utakuja kukisoma mwakani. Usione haya kusoma vitabu vilivyorahisishwa vya wanaojifunza lugha. Mimi nilianza na vile vya ngazi ya pili nikivificha ndani ya kitabu cha historia ili wenzangu wasinicheke, na baada ya kumi hivi nikaona macho yamepata mwendo.

Kuhusu orodha uliyoulizia. Kama ni lazima uwe na orodha, basi iwe ya maneno yanayojirudia zaidi. Michael West alitoa ya kwake mwaka 1953, ina maneno ya msingi kama 2000. Imezeeka, zipo mpya, lakini wazo halijazeeka. Hayo 2000 ni muhimu kwa sababu yanakufungulia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza: ile ya wanafunzi ya Longman, tangu toleo lake la 1978, hueleza maneno kwa msamiati wa kama 2000 hivi. Ukishayamudu hayo, kamusi inakuwa nayo ni zoezi la kusoma. Ya pili ni ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na yale yanayotokana nalo), kama "analyse", "consist", "indicate" na "require". Maneno haya hayana mbwembwe, ila yamejaa kwenye vitabu vya masomo yote na kwenye maswali yenyewe ya mtihani. Anza na haya kabla ya "magnificent".

Mangapi kwa siku? Matano. Najua umesikia watu wanataja 30. Matano kwa siku 300 ni 1500 kwa mwaka, na kama yatabaki kichwani utakuwa umempita wa 30 anayesahau 28.

Kubaki ndiyo kazi. Nilitumia boksi la viatu nililoligawa vyumba vitatu kwa vipande vya katoni. Mtindo wenyewe ulielezwa na Sebastian Leitner huko Ujerumani mwaka 1972. Kadi mpya inaingia chumba cha kwanza, unaipitia kila siku. Ukiipata inahamia cha pili, unaipitia kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena inaenda cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosea popote inarudi cha kwanza, hakuna kubembelezana. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, na ni nzuri, lakini simu yangu mimi ilikuwa na mambo mengine mengi ya kuniita.

Muhimu ni kilichoandikwa kwenye kadi. Zamani niliandika neno mbele na tafsiri nyuma. Siku moja nikajikuta nimetunga "I borrowed him my pen", kwa sababu kadi yangu ilisema "borrow: azima", na Kiswahili kuazima ni kote kuwili, anayetoa na anayepokea. Kadi ya "lend" nayo ilisema hivyohivyo. Tangu hapo nikaandika mbele sentensi yenye pengo niliyoitoa kwenye habari niliyoisoma, nyuma neno lenyewe. Kama sentensi siikumbuki ilikotoka, kadi naitupa. Hali ni hiyohiyo kwa "hand" na "arm", ambayo yote sisi ni mkono, na "hear", "feel" na "smell", maana Mswahili husikia sauti, husikia baridi na husikia harufu.

Visawe vinasumbua wengi, kwa hiyo historia kidogo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na Kiingereza kikabaki na maneno mawilimawili: la nyumbani na la wakubwa. "Ask" na "inquire", "buy" na "purchase", "begin" na "commence". Ni kama sisi tulivyo na kuwaza kwa Kibantu na kufikiri kutoka Kiarabu. Swali likikutaka ueleze kwa maneno yako, mara nyingi inatosha kushuka kutoka neno la wakubwa hadi la nyumbani. Mizizi ya Kilatini nayo inasaidia: "port" ni kubeba, ndiyo unaiona kwenye "import", "export" na "transport". Lakini usiiamini kupita kiasi. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni cha thamani kubwa mno, na "inflammable" kinashika moto vizuri tu.

Chumba cha mtihani: wengi hushauri usome maswali kwanza. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa mtu wa ngazi yako. Ukisoma maswali kwanza unaingia kwenye habari ukiwinda maneno yaliyotajwa kwenye swali, ukiyaona unanakili mstari mzima, na watunzi wanalijua hilo, wanategea mtego hapohapo. Soma habari yote mara moja bila kusimama, kisha maswali, kisha rudi polepole na kalamu. Kabla ya kuandika jibu, weka kidole kwenye mstari unaolithibitisha. Kama kidole hakina pa kukaa, jibu umelitoa kichwani kwako, kama mimi na wakubwa wangu wanaoheshimiwa kwanza.

Yale maneno yako 500 usiyatupe. Wikiendi hii yapitie, kila neno jaribu kulitungia sentensi bila kutazama popote. Uliloweza lifute. Yaliyobaki ndiyo kadi zako za kuanzia, matano kwa siku. Kisha weka hapa majibu yako ya yale maswali manne ya mvushaji, na utuambie kwenye 500 yamebaki mangapi.