Nile wapi Mwanjelwa?

SWALI: Shikamoo dada. Nimehamia Mbeya kutoka Tanga, nimepanga chumba Mwanjelwa. Mchana nina elfu mbili tu ya chakula, na vibanda nisivyovijua naviogopa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anzia nyuma ya soko, usianzie barabarani. Fika saa saba kasoro, utazame wabeba viazi wanakaa benchi la nani. Wale hawana hela ya kuchezea. Mama ntilie ninayemwamini mimi hupalia wali makaa juu ya mfuniko. Akifunua, harufu ya mchele wa Kyela inakufikia kabla ya sahani. Muulize kama ni wa Kyela kweli, hachukii. Agiza na maharage na mboga. Nyama isubiri mwisho wa mwezi.

Maji ya kunawa yawe ya kumiminiwa, si beseni moja la watu wote. Hapo sina mchezo, maana niliwahi kuumwa tumbo siku tatu kwa uzembe huo.

Baridi ya Juni na Julai ikibana, amkia supu na chapati. Na ukikuta ndizi za Tukuyu zimepikwa na maharage, zimelainika hadi rojo limeshika, kaa hapo hapo ule.