Matibabu ya saratani yamekwisha, mbona hofu haijanitoka?

SWALI: Nilitibiwa saratani ya titi kwa upasuaji, dawa za saratani za kupitishwa mishipani na mionzi, na mwaka jana nikaambiwa nimemaliza. Nyumbani wote walimshukuru Mungu, nami nilishukuru, lakini tangu hapo usingizi umeadimika, na mgongo ukiuma kidogo tu naona ugonjwa umerudi. Mume wangu huniambia nisikufuru, kwani nimeshapona. Tamoksifeni naimeza kila siku bila kuelezwa mwisho wake ni lini. Je, nimeanza kuugua akili?
Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, Mama. Hofu ya saratani kurudi huwapata wengi waliomaliza matibabu, na si dalili ya kichaa wala ya upungufu wa imani. Ulipokuwa ukitibiwa, wauguzi walikuangalia mara kwa mara; sasa umebaki na mwili usiouamini tena, na pale ambapo hukupewa maelezo, hofu ndiyo inayokueleza.

Kwa hiyo andika maswali yako kabla ya kwenda kliniki, kisha uombe muhtasari wa maandishi unaotaja aina ya saratani yako, hatua iliyokuwa imefikia na matibabu yote uliyopewa. Tamoksifeni hutumiwa kwa saratani inayochochewa na homoni, kwa kawaida kwa miaka 5, na baadhi ya wagonjwa huendelea hadi 10. Huweza kuleta joto la ghafla usiku na kukatiza usingizi; hilo mweleze daktari, lakini usiiache mwenyewe. Miongozo mingi hutaka mgonjwa aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, na titi lililobaki lipigwe mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kila mwaka. Asiye na dalili hahitaji picha za mwili mzima, hivyo usidhani umepuuzwa usipopelekwa.

Maumivu ya mgongo yanayotulia ukipumzika hayatii shaka sana. Yakidumu kwa wiki kadhaa, yakizidi au yakikuamsha usiku, au ukiona uvimbe mpya, kukosa pumzi au kukonda bila sababu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Hofu au huzuni ikikunyima usingizi na kazi kwa zaidi ya wiki 2, kama barua yako inavyoonyesha, omba upelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, kwa maana hali hiyo inatibika. Mume wako naye mwombe akusindikize safari ijayo, aingie nawe chumbani na kumsikia daktari mwenyewe.