"Get" kwa wanafunzi Wachina: futa tendo, acha matokeo

Mleta mada, umesema unawafundisha Kiingereza mafundi na wahandisi Wachina kwenye kambi ya ujenzi. Mmoja wao alikuuliza "get" maana yake nini, ukampa maana tano, na kesho yake akakuletea ya sita isiyoingia kwenye yoyote kati ya hizo: simu imelia, mtu anasema "I'll get it". Wachangiaji wawili hapo juu wamekushauri utafute kamusi kubwa, umchapishie maana zote azikariri. Kwa heshima zote, napingana nao. Nilisoma Wuhan, na jioni nyingi bwenini tulikuwa tunabadilishana lugha na wenzangu, wao wananipa Kichina, mimi nawapa Kiingereza. Baadaye nikafanya ukalimani kwenye mradi wa barabara hapa nyumbani. Hakuna neno nililolieleza mara nyingi kama hilo, na orodha ndiyo njia inayowachosha wanafunzi haraka kuliko zote.

Kwanza mjue mwanafunzi wako. Mchina aliyepita chuo kikuu hana upungufu wa msamiati. Kiingereza amekisoma tangu utotoni, ni somo kubwa kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, na akifika chuoni anakutana na mtihani wa kitaifa wa Kiingereza unaoitwa CET, uliopo tangu 1987. Maneno wanayakariri kwa vitabu vilivyopangwa kwa alfabeti, na "abandon" liko mwanzoni kabisa, ndiyo maana kila mwanafunzi wa China analijua. Basi huyu mtu anazo "obtain", "acquire", "purchase", "receive" na "become", zote kichwani. "Get" ameliruka kwa sababu linaonekana neno la watoto, na mwalimu wa insha alimwambia asiliandike. Matokeo yake anaongea kama barua ya serikali. Sarufi imenyooka, lakini hakuna anayeongea hivyo kazini, na akiwasikiliza wengine wakiongea, "get" zinampita moja baada ya nyingine asishike kitu.

Sasa twende kwenye kiini, na hapa nitaandika herufi za Kichina pia ili uwaonyeshe wenyewe.

Kichina hupenda kutaja vitu viwili pamoja: tendo, kisha matokeo ya tendo. Kununua ni mǎi 买. Lakini mǎi peke yake haikuhakikishii kwamba kitu kimeingia mkononi. Kikiingia, unaongeza dào 到, unapata mǎidào 买到. Kutafuta ni zhǎo 找. Ukikiona ulichotafuta ni zhǎodào 找到. Kuazima ni jiè 借, na ukishaazimwa ni jièdào 借到. Barua ikikufikia ni shōudào 收到, kitu ukikichukua kikawa mkononi ni nádào 拿到.

Kiingereza cha maongezi hufanya kinyume. Hulimeza tendo na kubakiza matokeo. "I got the book." Ulikinunua? Uliazima? Ulipewa? Haikusemwa, na msemaji hajali. Mchina akikutana na sentensi hiyo anahisi kuna kipande kimekatwa, anaanza kukitafuta: hii "get" ni ya kununua au ya kupokea? Orodha ya maana inamzidishia ugonjwa huo huo, kwa sababu inamzoeza kuuliza swali ambalo sentensi yenyewe haikuuliza.

Kwa hiyo mimi naandika ubaoni mǎidào, jièdào, shōudào, nádào, moja chini ya nyingine. Kisha nafuta herufi ya kwanza ya kila moja. Inabaki dào, dào, dào, dào. Nawaambia: hicho kilichobaki ndicho "get".

Mfano unaowaingia kuliko yote ni wa tiketi za treni. Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia, nchi nzima inataka kurudi makwao kwa wakati mmoja. Tiketi zinauzwa kwenye tovuti ya reli, 12306, na za njia zenye watu wengi zinaisha upesi mno. Siku hizo hawasemi "kununua" tiketi, wanasema qiǎng 抢, yaani kugombea, kunyang'anya. Bwenini swali ni moja: qiǎngdào le ma? 抢到了吗? Kwa Kiingereza ni "Did you get one?" Kugombea kote kumeyeyuka, dào imebaki. Aliyekosa anasema méi qiǎngdào, "I didn't get one". Na kama hazipatikani kabisa, mǎi bu dào 买不到, "you can't get one". Mwanafunzi akishaona hivyo huwa anaanza kutunga sentensi zake mwenyewe bila kuombwa, na hapo ujue mlango umefunguka.

Halafu kuna zawadi ambayo Kichina kinakupa bure. Dào ikisimama peke yake maana yake ni kufika. Dào jiā 到家 ni kufika nyumbani, "get home". Sisi tunaoongea Kiswahili tunatenganisha kupata na kufika, na kamusi nazo huziweka kama maana mbili za "get". Kwa Mchina ni neno lile lile, kwa hiyo usimtenganishie.

Baada ya dào, endelea na matokeo mengine kwa mbinu ile ile ya kufuta. Tīngdǒng 听懂 ni kusikiliza mpaka ukaelewa; futa kusikiliza, inabaki "I get it". (Hii ni "get" ambayo vijana wa China wameiingiza kwenye Kichina chenyewe. Kwenye simu wanaandika "get到了", yaani nimeinasa hoja yako, na utaona wameigandisha na dào ile ile. Waanzishie hapo kama darasa lina vijana.) Xiūhǎo 修好 ni kutengeneza mpaka kikawa sawa, "get it fixed". Dǎtōng 打通 ni kupiga simu mpaka ikaunganishwa, "get through". Bá chūlái 拔出来 ni kung'oa hadi kikatoka. Futa kung'oa, inabaki "get it out". Kambini hii ya mwisho ina kazi kubwa. Msimamizi akisema "get that bolt out", hajali kama utaifungua kwa spana, utaikata au utaigonga kwa nyundo. Mhandisi wa Kichina anasubiri aambiwe njia, wakati mwenzake ametaja mwisho tu. Nimeona kazi ikisimama kwa sababu hiyo, watu wawili wenye akili zao wanatazamana.

Na "I'll get it" ya simu? Ni hivyo hivyo. Kichina kitasema wǒ lái jiē 我来接, naipokea mimi, na kwa mlango wǒ qù kāi mén 我去开门, nakwenda kufungua. Kiingereza kimefuta kupokea, kimefuta kufungua, kimebakiza kwamba jambo hilo litamalizwa na mimi. Sentensi ya sita haikuwa ya sita.

Hali zinazobadilika, kama kuchoka, kukasirika na giza kuingia, zifundishe kwa le 了 ya mwisho wa sentensi. Lèi le 累了, "got tired". Tiān hēi le 天黑了, "it got dark". Kichina hakihitaji kitenzi hapo, le peke yake inatangaza kwamba hali imegeuka. Wanafunzi wengi wakitafuta kitenzi huokota "become", kila kitu kinakuwa "became tired", "became hungry". Waambie: unapoisikia le ya kugeuka kichwani, mdomoni weka "get". Wewe mwenyewe utalielewa hili kwa urahisi kwa sababu tuna -me- yetu. "Nimechoka" ni kuchoka kulikokwisha kutokea na ndiyo hali yangu sasa.

Hiyo -me- itakusaidia pia kwenye "I've got", inayowababaisha sana. Wakiona "I've got two brothers" wanadhani mtu amepata kaka wapya. Nawe unajua kwamba "amevaa kofia" kwa umbo ni jambo lililokwisha, lakini kwa maana kofia iko kichwani sasa hivi. "Have got" iko hivyo. Kwa Kichina ni yǒu 有 tu, kuwa na kitu, wasiitafutie mwanzo. "I've got to go" ina bahati yake: kulazimika kwa Kichina ni děi 得, wǒ děi zǒu le 我得走了, na herufi hiyo hiyo ikisomwa dé maana yake ni kupata. Lugha mbili zisizo na undugu zimeandika kupata na kulazimika kwa neno moja. Ukiwaonyesha hiyo hawaisahau.

Usiwafiche mahali kanuni inapogoma. Kuona na kusikia zinachukua dào pia, kàndào 看到 na tīngdào 听到, lakini Kiingereza kina "see" na "hear" na hapo "get" haingii. Vilevile kukutana na mtu, yùdào 遇到. Sema wazi kwamba kufuta kunafaa pale kitu kinapokuja mkononi, mahali panapofikiwa au kazi inapokamilika. Fahamu za mwili ziache.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine kwa watu wa kambini ni ràng 让. Neno hilo moja linabeba kuruhusu, kuagiza na kusababisha. Shuleni walilitafsiri "let", basi mhandisi anasema "let the driver move the truck" akimaanisha dereva asogeze lori sasa hivi. Aliyepewa ujumbe anasikia ruhusa: akitaka kusogeza, asizuiwe. Lori linabaki pale pale, nyuma yake zege inasubiri. Anachohitaji ni "get the driver to move the truck", hakikisha dereva anasogeza. Fundisha hii mapema, hata kabla ya zile za tiketi kama kazi yao ina mitambo. Wakumbushe na "to", wataiacha.

Kuna pia kitu nilichofanyiwa na wengine: "get my hair cut". Mchina atasema wǒ jiǎn tóufa le 我剪头发了, nimekata nywele, ingawa mkasi alishika kinyozi. Hapa uwe macho wewe mwenyewe, maana na sisi tunasema "nimejenga nyumba" bila kugusa tofali. Makosa ya mwanafunzi yakifanana na mazoea ya mwalimu hayaonekani.

"Got robbed", "got fired", "got scolded" zina mwenzao wa karibu: bèi 被, neno la kuonyesha kutendwa, na kwa kupigwa au kukemewa kuna ái 挨, ái mà 挨骂. Bèi kwa asili huelemea mabaya, na "got" ya kutendwa nayo mara nyingi husimulia mkosi. Ila "get paid" na "get promoted" ni heri tupu, wasije wakaogopa kuzitumia.

Vyombo vya usafiri usivipe muda mrefu. Kichina ni shàng chē 上车 kwa basi na kwa teksi pia. Kiingereza "get on" basi, "get in" teksi. Unapoweza kusimama na kutembea ndani ni "on". Inatosha.

Kuhusu kutumia "kupata" yetu kama daraja: itumie kichwani mwako kukagua, usiitegemee. Inakaribia sana, kupata homa, kupata mtoto, "nimekupata" kwenye redio ya mkononi, "sijapata kumwona". Lakini sisi tunapata ajali na Kiingereza husema "have an accident", na kisu kikali kwetu kinapata bila kupata chochote.

Matamshi: silabi za Kichina sanifu haziishii na t, kwa hiyo utasikia "ge" au "gete", na g yao itakuja karibu na k. Usipambane na neno likiwa peke yake. Waunganishe na irabu inayofuata, "get it", "get up", "get on", ile t ihamie mbele iwe mwanzo wa silabi. Midomo yao inaiweza hapo mara moja, na yetu pia.

Somo la kwanza lipe zile nne za dào na tiketi, basi. Ràng lifuate siku ya pili. Yule anayekuletea sentensi mpya kila asubuhi mpe kazi: aandike kwanza sentensi hiyo kwa Kichina kamili, atafute kitenzi chenye sehemu mbili, akifute cha mbele kwa kalamu. Akikwama kwenye sentensi yoyote ilete hapa, tuiangalie pamoja.