Binti kapata Divisheni Two ya PCB na anataka udaktari, mzazi nianzie wapi?

SWALI: Habari mshauri. Binti yangu kamaliza fomu siksi mwaka huu, kombi ya PCB, kapata Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, wanasema ni Divisheni Two ya 10. Anataka udaktari Muhimbili tu, hataki kusikia kingine. Baba yake anasema ajaze ualimu maana ndo wenye mkopo. Kuna kijana wa steshenari hapa mtaani anataka elfu hamsini amjazie vyuo vyote pamoja na mkopo, sisi tusubiri majina tu. Mimi niliishia la saba na simu yangu kiswaswadu. Namsaidiaje? – Mama wa Tabata Segerea

JIBU: Hongera sana dada yangu, na mpe binti hongera zangu, PCB siyo kombi ya mchezo. Na hilo la kuishia la saba lisikurudishe nyuma, kazi ya mzazi hapa ni karatasi, tarehe na kumuuliza mtoto maswali, hayo unayaweza kabisa.

Tuanze na hesabu maana hapa ndo wazazi wengi wanapotea. Ile 10 ni ya divisheni, Necta, yaani Baraza la Mitihani, wanahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndo vizuri. Chuo wanageuza, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kubwa ndo nzuri. Binti yako kwa hesabu ya chuo ana 3 na 3 na 2, jumla pointi 8. Sasa usije ukachukua ile 10 ukailinganisha na pointi zilizoandikwa kwenye mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, utadhani ana akiba kubwa kumbe siyo. Udaktari wa binadamu kigezo cha chini ni kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja isipungue D, jumla pointi 6. Kwa hiyo sifa anazo, hakuna wa kumwambia hana, hata ile D ya Fizikia inapita.

Ila kuwa na sifa ni jambo moja na kupata nafasi ni jambo lingine, na hili mwambie taratibu bila kumkatisha tamaa. Nafasi zina idadi, wakizidi waombaji chuo kinaanza na wenye pointi za juu kinashuka mpaka zinaisha, na Muhimbili inaombwa na watoto wenye A na B kutoka nchi nzima. Ndo maana kujaza Muhimbili peke yake kwa pointi 8 ni hatari kubwa. Tangu mwaka 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja kwenye kila chuo, siyo tena kwenye ule mfumo mmoja wa TCU, na hakuna anayemkataza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Muhimbili aijaze, ni ndoto yake, lakini aombe udaktari na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mbeya kwenye kile chuo cha afya cha UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kama mfuko unaruhusu vya binafsi kama Kairuki, hapo muulizie ada kabla kwa sababu mkopo unaweza usifike ada yote. Afu ndani ya kila chuo anachagua kozi kadhaa kwa mpangilio, ya kwanza iwe anayoitaka kabisa, zinazofuata ziwe ambazo akichaguliwa ataenda na moyo wake: uuguzi, maabara, afya ya mazingira, au SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, kuna udaktari wa mifugo na lishe. Asijaze kozi ambayo hawezi kukaa nayo miaka mitatu minne, eti kujazia nafasi.

Fanyeni hivi, kaeni na binti pale mezani, adaunilodi mwongozo wa TCU wa mwaka huu kwa simu ya mtu, bure kabisa, uko kwenye tovuti yao. Inatoka miwili, mmoja wa waliomaliza fomu siksi na mwingine wa wenye diploma, achukue wa fomu siksi. Kila kozi ina vigezo vyake, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Akusomee kwa sauti na akutafsirie kwa Kiswahili, wewe uliza tu, hapa wanataka masomo gani, unayo? nafasi ngapi? chuo kiko wapi? Mtoto akikuelezea mwenyewe ndo anaona wapi anabahatisha na wapi amesimama, mi naamini hiyo jioni moja inasaidia kuliko wiki nzima ya kubishana na baba yake. Na kama maonesho ya vyuo pale Mnazi Mmoja hayajapita, yanakuwaga mwezi wa saba, nendeni wote wawili, vyuo vingi vinakuwepo na mtamuuliza mtu wa udahili ana kwa ana.

Kuhusu kijana wa steshenari, kulipia kuskani na kuprinti haina shida. Kumwachia akaunti, hapana dada yangu, hapana kabisa. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni elfu kumi na inalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, na TCU wenyewe kila mwaka wanaonya watu kuhusu hao mawakala. Lakini ubaya mkubwa siyo hela. Kijana anajaza namba yake ya simu na paswedi yake, majina yanatoka, binti kachaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri inayokuja kwa meseji, ndani ya siku walizopanga. Hiyo namba inaingia kwenye simu ya nani? Siku zikipita bila kuthibitisha nafasi inaenda kwa mwingine. Kwa hiyo laini iwe ya binti, imesajiliwa, hata kiswaswadu chako kinapokea meseji vizuri tu, na paswedi iandikwe kwenye daftari likae kwako.

Mkopo ni maombi tofauti kabisa, yanaenda Bodi ya Mikopo, wana dirisha lao na ada yao elfu thelathini. Msisubiri majina ya chuo ndo muanze. Hapa wewe ndo fundi: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, ni mtandaoni, fanyeni mapema watu wakiwa wachache. Kitoe ukilinganishe na cheti cha fomu foo herufi kwa herufi, kama kimoja ni Mohamed na kingine Mohamedi shughulikieni sa hivi kwa wakili, siyo siku ya mwisho. Fomu ya mkopo ikishaprintiwa inasainiwa na mdhamini, inagongwa muhuri serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, ndo inaskaniwa na kupandishwa, ukurasa mmoja ukikosa saini maombi hayajakamilika. Na namba ya mtihani ya fomu foo iwe ileile kwenye chuo na kwenye mkopo.

Shemeji yangu, baba wa binti, umweleze hivi kwa heshima, Bodi inaangalia sana uwezo wa familia, na fani za afya zimekuwa kwenye vipaumbele sambamba na ualimu wa sayansi, kwa hiyo kumtoa mtoto kwenye udaktari kwa hofu ya mkopo haina msingi. Akipenda ualimu mwenyewe sawa, ni kazi nzuri.

Akikosa dirisha la kwanza msilie, linafunguliwa la pili, ila asirudie kujaza zilezile, aangalie kozi ambazo bado zina nafasi na ashushe mpangilio. Na kama udaktari umegoma kote na bado anautaka, kuna diploma ya utabibu, miaka mitatu, inaombwa kupitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, akitoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 anaruhusiwa kuomba udaktari tena. Mjibuni baba kwa pamoja, afu niandikie kozi mlizochagua nizipitie kabla hajabonyeza kutuma.