Re: Ukifungiwa na NRC, unajitetea wapi?

Mkuu, umeuliza kama mfanyakazi wa kinu cha nyuklia Marekani akifungiwa (yaani akipigwa marufuku kufanya kazi za nyuklia) na NRC, tume ya serikali inayosimamia nyuklia huko, ana pa kujitetea. Anapo, ila asilale: ana siku 20, au muda mwingine uliotajwa kwenye amri ya kumfungia, kudai shauri lisikilizwe. Hata amri iliyoanza kazi papo hapo anaweza kuomba isitishwe, akionyesha imejengwa juu ya shaka tu. Mbele ya bodi ya NRC inayosikiliza mashauri haya, wenye mzigo wa kuthibitisha ni maofisa wa NRC, si yeye.

Mhandisi mmoja wa kinu cha Davis-Besse, Ohio, alifungiwa miaka 5 mwaka 2006. Mwaka 2009 bodi ikaifuta amri, ingawa (hapa wengi hushangaa) mahakama ya jinai ilikwishamtia hatiani. Na wakili atafutwe kabla ya mfanyakazi kuhojiwa na NRC.