Mwalimu mstaafu anataka kuhamia kwenye Hiace

*Shangazi, shikamoo, kama umenizidi umri. Nina miaka 61, nimestaafu ualimu mwaka jana. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nakaa Soweto, Moshi, nyumba ya vyumba vitatu yenye watu saba: mimi, watoto wawili wa shemeji, mjukuu, binti wa dada yangu na mwanawe, na kijana mmoja ambaye sijui hata nani alimleta. Nimeona YouTube wastaafu wa Marekani wanaishi kwenye magari yao, nikakosa usingizi. Kuna Hiace iliyokuwa daladala inauzwa milioni 14. Nataka niuze nyumba, ning'oe viti, niweke kitanda kimoja tu, niishi na pensheni yangu kwa amani. Mwanangu wa kwanza, yuko Dar, anasema nitamwaibisha, watu watasema mama yake analala stendi. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, marahaba, ingawa nahisi tumepishana darasa moja tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama palepale: "kitanda kimoja tu". Umehesabu watu wa nyumbani mmoja mmoja kama unaita rejista, lakini hukutaja hata sehemu moja unayotaka kwenda. Nadhani umechoka na hiyo nyumba kabla hujalipenda hilo gari. Ni halali kabisa kuchoka. Ila anza na yule kijana asiye na mwenyewe: mpe tarehe ya kuondoka, na uiseme mbele ya wenzake.

Nyumba usiuze. Hati ina jina la nani? Kama ni la marehemu na mirathi haijafungwa, huwezi kuiuza peke yako hata ukitaka. Lazima awepo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Na hata kama ni jina lako, Hiace inashuka bei kila mwaka, kiwanja cha Soweto hakishuki. Pangisha vyumba viwili, kimoja kifunge kwa kufuli yako. Siku magoti yakikataa, uwe na pa kurudi.

Hao wa YouTube wana kitu ambacho sisi hatuna. Magharibi mwa Marekani kuna ardhi kubwa ya serikali ambako mtu anaweza kupiga kambi bure, kwa kawaida siku 14, kisha asogee. Quartzsite, kwenye jangwa la Arizona, wastaafu hujazana wakati wa baridi. Kwa kibali cha kulipia mtu anakaa kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Na wengine wao hawakuchagua, kodi ya nyumba iliwashinda. Huku kwetu kila kipande kina mwenyewe, au kina mbuzi wa mwenyewe. Ukiegesha Machame bila kumwona balozi, saa tatu usiku una tochi tano dirishani. Kwa hiyo ripoti kwanza kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji, au omba uwanja wa kanisa, ambako kuna mlinzi na bomba. Wazungu wenye magari ya safari ndefu huegesha kambi za kulipia, kama pale Meserani nje ya Arusha.

Sasa gari lenyewe. Mwanamke wa umri wetu anaamka usiku, mara mbili siku nyingine, na hakuna video inayoonyesha hilo. Ndoo yenye mfuniko, ndiyo, lakini ndani ya Hiace ya paa fupi utaifanya shughuli hiyo umeinama kama unachuma kahawa. Tafuta ya paa refu. Kabla ya kulipa, inua mikeka, gonga sakafu kwa bisibisi. Ikizama, kutu imeshakula. Fungua na ufunge mlango wa pembeni mara kumi. Daladala iliyochoka, mlango wake una siri anayoijua konda tu, na wewe konda huna. Nenda na fundi asiyejuana na muuzaji.

Pika nje, kwa mtungi wa kilo 6. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata kama ni Julai na Arusha imekaza baridi. Hewa yake haina rangi wala harufu, na watu huilalia wasiamke. Blanketi mbili nzito zinatosha.

Faida moja nakupa bila masharti: ni kilomita 80 tu kati ya Moshi na Arusha, lakini hali ya hewa ni mbili. Februari Moshi ikikuchemsha, unapanda Arusha. Masika usithubutu barabara za vihamba, yaani mashamba ya migomba ya mlimani, utakaa umenasa hadi Juni.

Ila usinunue bado. Azima au kodi gari la namna hiyo wiki tatu, ulale humo kila usiku, hata ile ya mvua, ndipo uniandikie tena.

Na huyo wa Dar mwambie hujamwomba hela ya kitanda. Desemba atapanda kuja Krismasi kama wote. Kama Hiace itakuwa imeshanunuliwa, mtandikie humo usiku mmoja, wewe lala ndani.